Bando ni mvua, jenga kihenge



Wiki hii katika kona hii nimeweka kando mada niliyokuwa nayo kwa sababu ya ujumbe wa mdogo wetu mmoja, mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji kimoja cha Mkalama, hapa kwetu Singida. Ameandika hivi: "Shikamoo dada. Nina kishikwambi cha bei ya chini. Hakina sehemu ya laini, na kila nikitaka kuweka kitu kinaniambia nafasi imejaa. Nikikiunganisha na simu yangu, bando la wiki linaisha Jumatano. Kuna watu wa mikopo wamenifuata, wako tayari kunikopesha ninunue kipya kikubwa. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, usikope. Nalitanguliza hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonga, nimeona inavyowafanya walimu waogope hata kupokea simu. Kishikwambi chako hakijashindwa kazi. Kimebebeshwa kazi tatu peke yake: kuleta vitu kutoka mtandaoni, kuvitunza, na kukuonyesha. Mbili za kwanza zina wenyewe. Simu ilete, ghala litunze, kishikwambi kibaki na kuonyesha, kazi ambayo kinaiweza vizuri.

Nifafanue kwa lugha ya kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Miezi mingine yote tunakula kilichovunwa. Hakuna mama wa Singida anayebandika sufuria ya ugali huku akisubiri mvua inyeshe jioni hiyo ili mtama uote. Mtama na uwele vilishaingia kwenye kihenge zamani. Basi bando ni mvua. Lina siku zake na lina mwisho. Anayewasha data kila anapotaka kumwonyesha mtoto herufi moja anapika kwa kusubiri wingu. Shida yako ni kwamba huna kihenge.

Najua hauko peke yako. Neno hili kishikwambi lilikaa sana midomoni mwetu kwenye Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba nacho mkononi. Baada ya sensa, serikali iliamua vile vishikwambi viende kwa walimu. Leo vipo vya kazini na vipo vya kununua dukani, na malalamiko ni yale yale: bando na nafasi. Tuyachukue moja moja.

Simu ilete

Kishikwambi kisicho na laini huingia mtandaoni hasa kupitia waifai. Simu yako inaweza kuwa hiyo waifai. Ukifungua Mipangilio ya simu ya Android iliyowekwa Kiswahili, utakuta neno mtandaopepe. Ndiyo hotspoti yenyewe. Iwashe, halafu kwenye kishikwambi tafuta jina lake, andika nywila, basi.

Wengi hukwama hapa: simu imewasha hotspoti lakini kishikwambi hakiioni. Usikimbilie kwa fundi. Waifai husafiri hasa kwa masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Vishikwambi vingi vya bei ya chini husikia 2.4 pekee, wakati simu mpya inaweza kuwa inatangaza kwenye 5. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, badilisha masafa yawe 2.4. Yana kasi ndogo kidogo lakini yanafika mbali zaidi na yanapenya ukuta vizuri zaidi.

La pili ni mahali pa kuiweka simu. Anayehitaji mnara ni simu, kishikwambi kinahitaji simu tu. Kama ndani mtandao ni hafifu na dirishani kuna 4G, acha simu dirishani, wewe kaa na kishikwambi mezani. Mita chache hazina neno. Kwenye vijiji vyenu vilivyokaa nyuma ya majabali, hatua tano kutoka kitandani hadi dirishani zinaweza kuwa tofauti ya kupata na kukosa. Ila simu inayotoa hotspoti hupata joto na hula chaji haraka. Usiilaze juani na usiifunike na mto. Ukiwa na pawabenki au sola, ichomeke. Kama unachotaka ni kusoma ujumbe tu, unaweza kugawa data kwa bluetuthi. Ni ya polepole lakini haimalizi chaji kama waifai.

Na nywila, jamani. Naona watu wanaweka moja mpaka nane kwa mpangilio wakidhani wamefunga mlango. Nywila ya hotspoti inataka herufi nane au zaidi. Weka maneno mawili ya Kiswahili yasiyohusiana, pamoja na namba. Jina la hotspoti nalo lisiwe jina lako kamili. Mara moja moja fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kifaa usichokijua, badilisha nywila siku hiyo hiyo.

Bando linavujia wapi?

Sasa nikwambie jambo lililonigharimu. Miaka michache iliyopita nilinunua bando la wiki jioni, nikawasha hotspoti, nikatazama kitu kwa dakika kumi, nikalala bila kuizima. Asubuhi sikuwa na hata MB moja. Nilikasirika nikasema nimeibiwa, na maneno niliyoyasema siyarudii hapa. Nilikuja kujua ukweli nilipofungua ukurasa wa matumizi ya data kwenye kishikwambi changu mwenyewe. Usiku kucha kilikuwa kimepakua masasisho ya programu, kikapandisha picha zangu zote kwenye akaunti ya mtandaoni, na kikashusha kila video iliyotumwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kwa nini kilifanya hivyo? Kwa sababu kishikwambi kikiona waifai mara nyingi hudhani kiko kwenye mtandao wa bure usio na kikomo. Programu nyingi zimepangwa hivyo tangu kiwandani: kwenye data ya laini zijibane, kwenye waifai zijiachie. Hakijui kwamba waifai hiyo ni shilingi zako zinazopita hewani.

Kwa hiyo, kabla hujanunua bando lingine, fanya haya kwenye kishikwambi. Gusa jina la hotspoti yako kwenye orodha ya waifai, tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, na ukieleze kwamba mtandao huu unapimwa. Washa kiokoa data. Ingia Play Store uzime masasisho ya kujiendesha. Ingia WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama za kupakua picha na video kwenye waifai. Zima upandishaji wa picha. Kwenye YouTube chagua ubora wa chini. Video ya ubora wa 480 hula takriban nusu GB kwa saa. Ukiiacha ipande hadi 1080 inaweza kula mara nne au tano ya hapo, na kwenye kioo kidogo macho yako hayataona tofauti kubwa.

Ukimaliza, zima hotspoti. Kuna mipangilio ya kuifanya ijizime yenyewe kama hakuna kifaa kinachoitumia, iwashe hiyo. Lakini mkono wako ndio mlinzi wa kwanza.

Ghala litunze

Kishikwambi cha GB 16 hakikupi GB 16. Mfumo wenyewe na programu zilizokuja nao zimeshachukua sehemu kubwa. Ndiyo maana nafasi inajaa kabla hujaweka chochote cha maana.

Anza na njia ya bei nafuu. Tazama ubavuni kama kuna kitundu cha memori kadi. Kama kipo, nunua kadi, lakini angalia kwanza kishikwambi chako kinakubali ukubwa gani. Vingine vinaishia GB 32. Kishikwambi kikikuuliza kadi iwe hifadhi ya ndani au ya kubebeka, chagua ya kubebeka. Ukiifanya ya ndani itafungwa kwa ajili ya kifaa hicho peke yake, na siku kishikwambi kikifa, kadi haitasomeka kwingine.

Jihadharini na kadi bandia. Imeandikwa GB 512, bei ya chakula cha mchana. Ndani ina nafasi ndogo sana, lakini imechezewa ili ikidanganye kifaa. Utaweka mafaili, utaona majina yake, na siku ukiyafungua hayafunguki, kwa sababu nafasi iliyodaiwa haikuwepo. Njia ya kuijaribu ni kuijaza yote siku ya kwanza, kisha kufungua mafaili yote, ya kwanza hadi ya mwisho kuingia. Yakifunguka yote, kadi ni ya kweli.

Kama hakuna kitundu cha kadi, kuna waya mdogo wa OTG unaokuwezesha kuchomeka flashi ya kawaida kwenye kishikwambi. Muulize fundi simu yeyote wa mjini, anaujua. Si kila kishikwambi kinaukubali, kwa hiyo nenda nacho ukajaribu kabla ya kulipa.

Halafu kuna ghala lisilotumia waya kabisa. Kampuni kama Seagate, Western Digital na SanDisk zimewahi kutengeneza diski na flashi zenye betri na waifai yake ndani. Unaiwasha, inatangaza jina lake kama hotspoti, kishikwambi kinajiunga, na unasoma vilivyomo bila intaneti yoyote. Ni kitu kizuri, lakini nyingi zimeacha kutengenezwa. Ukiuziwa ya mtumba, iwashe mbele ya muuzaji, ijaribu na kishikwambi chako, na uhakikishe betri yake bado inashika chaji.

Jueni jambo moja kuhusu maghala haya: kishikwambi hujiunga na waifai moja kwa wakati mmoja. Kikiwa kwenye waifai ya diski, kimeiacha hotspoti ya simu, na intaneti imekatika. Wengi hudhani diski imeharibika. Haijaharibika. Kuna diski zinazoweza kujiunga na hotspoti zenyewe na kuipitisha intaneti kwa kishikwambi, nyingine haziwezi. Kwa matumizi yetu hilo halina madhara makubwa, maana saa ya kuchota na saa ya kula si moja.

Kihenge unacho tayari mkononi

Mwalimu wangu wa Mkalama, kabla hujatafuta diski yoyote, tazama simu yako. Kama ina GB 64, au ina kadi yake, simu hiyo yaweza kuwa mvua na kihenge kwa pamoja.

Hotspoti na data ni vitu viwili tofauti. Hotspoti ni njia kati ya simu na kishikwambi. Data ni njia kati ya simu na mnara. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuzima data na kuacha hotspoti inawaka. Hapo vifaa viwili vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, na bando haliguswi hata kidogo. Ndiyo kanuni ile ile vijana wanayotumia wakisema "nirushie ile nyimbo". Wanarushiana bila kulipa mtandao wowote.

Kwa kurusha, Quick Share ipo tayari kwenye simu na vishikwambi vingi vya Android. Kama unataka kishikwambi kifungue faili likiwa bado kwenye simu, tafuta programu ya kusimamia mafaili yenye sehemu ya kushiriki kupitia mtandao. Itakupa anwani ya tarakimu, kwa kawaida inaanza na 192.168. Unaiandika kwenye kishikwambi, na mafaili ya simu yanafunguka pale. Ukimaliza, izime, maana ikiwa wazi yeyote aliye kwenye hotspoti yako anaweza kuchungulia.

Sasa wiki yako itakuwa hivi. Jumamosi unakwenda mjini au mnadani, mahali penye 4G nzuri. Unakaa chini ya mti kwa nusu saa, simu inashusha masomo ya wiki. Kama mtandao wako una vifurushi vya usiku vya bei nafuu, unaweza kuifanya kazi hiyo nyumbani alfajiri. Jioni unarudi kijijini, unazima data, unawasha hotspoti, unahamishia kwenye kishikwambi somo la Jumatatu hadi Ijumaa tu. Ijumaa jioni unayafuta kwenye kishikwambi, na nakala zinabaki ghalani. Nafasi haitajaa tena, kwa sababu kishikwambi hakitunzi mavuno ya mwaka. Kinashika ya wiki.

Nini kiingie ghalani?

Kihenge kitupu hakimshibishi mtu. Anza na vitabu vya kiada: Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yake ambako vitabu vya shule vinasomwa bure. Ongeza vipindi vya Ubongo Kids, vilivyotengenezwa hapa hapa Tanzania tangu 2014 na kufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na katuni. Kuna programu ya Kiwix inayokuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili nzima na kuisoma bila intaneti. Mtoto wa Nduguti akiuliza volkano ni nini, jibu liko mfukoni mwa mwalimu.

Na kama kuna anayesema kishikwambi bila intaneti hakina faida, msimulie ya Tanga. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo. Wengi wao hawakuwa wakienda shule. Vishikwambi vilikuwa na masomo ya Kiswahili ndani yake, kusoma, kuandika na kuhesabu, na vilichajiwa kwenye vituo vya sola. Watoto hawakuhitaji bando. Walijifunza. Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ya onebillion, zilitangazwa washindi kwa pamoja, na kazi za waliofika fainali ziliachwa wazi ili dunia izitumie bila malipo. Watoto wa kijijini wa nchi yetu walishathibitisha kwamba kinachofundisha ni kile kilichomo ndani.

Wakulima na wafugaji nanyi msijione mko nje ya baraza. Ukimkuta afisa ugani akieleza nafasi ya kupanda alizeti au ratiba ya chanjo ya mdondo kwa kuku, muombe ruhusa umrekodi. Sauti ya dakika tano ni faili dogo sana. Iweke ghalani, warushie majirani. Kikundi chenye kishikwambi kimoja na simu moja kinaweza kusikiliza somo hilo msimu mzima bila kununua bando.

Shule yenye vishikwambi kumi au ishirini ina hesabu nyingine. Simu moja itaelemewa, na mwenye simu akiondoka ameondoka na shule. Hapo mchangishane mnunue ruta ndogo yenye tundu la flashi, inayoweza kutumia umeme wa pawabenki au sola. Flashi inachomekwa kwenye ruta, ruta inawekwa darasani, na vishikwambi vyote vinasoma masomo yale yale kwa pamoja.

Yasikupite haya

Kama kishikwambi ulipewa kazini, ni mali ya umma. Kabla ya kuweka programu mpya, zungumza na mwalimu mkuu. Na kama kina majina ya wanafunzi, alama zao au namba za wazazi, hayo yasikae kwenye flashi ya kuazimishana wala kwenye faili linaloonekana na kila aliyejiunga na hotspoti. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, mzazi aliyekuamini mtoto wake amekuamini na jina lake. Funga kifaa kwa nywila.

Tena, wahenga walisema akiba haiozi. Ya flashi huoza. Kadi hufa bila kuaga, flashi hudondoka barabarani, mtoto hupanguza kila kitu kwa kidole kimoja. Kitu unachokithamini kikae sehemu mbili, na kila mwisho wa muhula vifungue vyote uone kama vingali vizima, kama mama anavyofunua kihenge kuangalia bungua.

Na kwa ndugu wa nyumba moja: kama hotspoti ni ya simu ya baba na masomo ni ya watoto, panganeni saa. Nimeona nyumba ambako mtoto anaacha kusoma katikati kwa sababu simu imeondoka kwenda kahawani. Nusu saa ya kuhamisha mafaili kabla simu haijatoka inatosha. Baada ya hapo simu iende salama, kishikwambi kina chakula cha wiki.

Sasa mwalimu wangu, haya yote usiyafanye usiku mmoja. Leo fungua ukurasa wa matumizi ya data uone ni programu gani inakumalizia bando, uifunge mdomo. Kesho jaribu kuzima data na kurusha faili moja kutoka kwenye simu. Jumamosi ujaze ghala kwa mara ya kwanza. Wale watu wa mikopo wakirudi, washukuru, uwaambie umeshapata.

Halafu niandikie baada ya wiki mbili. Sitakuuliza kingine, uniambie tu Jumatano imekukuta na GB ngapi.